Mtu Aliyetoweka Barafuni

Inspekta Nyawira Theuri alimkuta mke wa mshukiwa kwenye benchi la mbele ya kituo cha polisi, amepakata kikapu cha chakula, mtandio umelowa ukungu wa Julai hadi umemnata kichwani.

"Madam, Yasin amekula?" Mwanasiti aliuliza hata kabla ya salamu.

"Ndiyo naingia, mama. Ngoja nimwone."

"Wanasema kesho anapelekwa kortini. Ati ameiba picha ya mzungu." Alimsogezea kikapu. "Mume wangu anatengeneza fremu pale nyuma ya soko tangu tuoane. Hajawahi kupoteza hata msumari wa mtu."

Nyawira alichukua kikapu akaingia nacho. Hakuahidi kitu. Wiki nzima alikuwa Murang'a akitoa ushahidi katika kesi nyingine, na kuhusu hii alijua jina la mshukiwa tu.

Konstebo Mburu alisimama alipomwona. Alikuwa kijana mwenye bidii, na leo uso wake uling'aa kama wa mtu aliyefaulu mtihani.

"Madam, hii kesi imeisha. Imebaki kuandika."

"Nisimulie kama mtu asiyejua lolote."

Mburu akasimulia. Kule Naro Moru aliishi Mholanzi mmoja, Mzee Wouter, aliyekuja ujana wake kuchimbia watu visima, akaoa binti wa hapo, Anita, akabaki. Mwezi uliopita alifariki. Ukutani mwake alikuwa na picha ya kale iliyochorwa kwa rangi za mafuta juu ya ubao, ndogo kama sinia, iliyokuwa mali ya ukoo wao tangu zamani za mababu. Wosia ulisema akifa ipewe binti ya kaka yake, aitwaye Femke. Femke alikuja mazishini, kisha akamwita mtathmini wa sanaa kutoka Nairobi, Bwana Ngugi, aiangalie kabla ya kusafirishwa. Ngugi aliilinganisha na picha ya kamera iliyopigwa Uholanzi wakati mama yake Wouter yu hai. Hazikufanana.

"Hazikufanana vipi?"

Mburu alimsogezea ile picha ya kamera. Nyawira akaivuta karibu na dirisha.

Ulikuwa mto ulioganda, mpana, wa rangi ya maziwa yaliyotiwa maji. Kando yake miti isiyo na jani hata moja, na kwa mbali mnara wa kanisa. Juu ya barafu walijaa watu wadogo wadogo, wake kwa waume, wote wametoka majumbani wakiteleza kana kwamba ni sikukuu. Mwanamke mmoja alivutwa kwenye kiti kisicho na magurudumu. Wawili walishikana mikono. Mzee mmoja alikuwa ameanguka chali, miguu juu, na wenzake wakimcheka. Lakini mbele, upande wa kulia, barafu ilikuwa imepasuka. Katika lile shimo jeusi mtu alizama hadi kifuani, mikono ameinua, vidole amevitanua. Hakuna aliyekuwa akimtazama.

"Sasa angalia hii ya ukutani." Mburu alifungua kabati la vielelezo, akatoa ubao ndani ya fremu yake yenye kioo.

Mto ni uleule. Mnara, mwanamke kwenye kiti, mzee chali, wote walikuwapo. Ila mbele kulia palikuwa na barafu tupu. Hapakuwa na shimo wala mtu.

"Mtu ametoweka," Nyawira alisema polepole.

"Ametoweka kwa sababu hii ni feki, madam. Aliyeinakili alimsahau. Na picha imewahi kutoka kwa hiyo nyumba mara moja tu, ikapelekwa kwa Yasin kuwekwa kioo. Nilienda kwake, nikapata nini ukutani?" Alikunjua karatasi kubwa iliyochapishwa kwa rangi. "Picha hiyohiyo. Alikuwa anajifunza kunakili."

Nyawira aliitandaza ile karatasi mezani. Aliinamia kona ya kulia.

"Mburu, hapa kuna mtu aliyezama?"

Mburu naye akainama. "Hakuna."

"Mtu akitaka kunakili, si anaiga ile ya kweli? Mbona karatasi yake haina shimo?"

"Labda alipiga picha hiyo feki baada ya kuichora."

"Labda. Mlete."

Yasin aliingia akiwa hana mshipi wala kamba za viatu, mtu mwembamba wa makamo, ndevu zimeanza mvi. Nyawira alimpa kikapu kwanza. Alikifungua, akatazama ndani, akakifunga tena bila kugusa chakula.

"Yuko nje?"

"Yuko nje. Nijibu, kisha ule. Picha ya Mzee Wouter ilikujaje kwako?"

"Aliileta Mama Mugo mwenyewe, mkewe. Mzee alikuwa amelazwa hospitali. Kioo kilikuwa kimepasuka. Nikaweka kipya, nikakaza fremu, nikairudisha Naro Moru kwa mkono wangu."

"Hii karatasi?"

Kwa mara ya kwanza uso wake ulilegea. "Niliipiga kwa simu siku ileile alipoileta, kabla sijaigusa. Nikaenda kuchapisha. Iliniingia moyoni, Inspekta. Watu wazima wanacheza juu ya maji, wala hawaogopi."

Simu yake ilikuwa kwenye bahasha ya vielelezo. Mburu aliiwasha, wakatafuta hadi wakaipata. Katika picha ile ubao ulikuwa juu ya meza ya fundi, kioo kimepasuka toka kona hadi kona, na pembeni ulionekana mkono wa mwanamke mwenye koti jeusi bado haujaiachia fremu. Chini ya kioo kilichopasuka, barafu ilikuwa nzima.

Mburu aliguna. Nyawira hakumtazama.

"Yasin, wakati unabadilisha kioo uliuona ubao wazi. Uliona nini?"

"Niliona picha."

"Tu?"

Fundi aliufumbata mpini wa kikapu. "Muulize mwenye picha."

"Wewe ndiye unayelala selo."

"Najua. Lakini yule mama alipokuja alikuwa ametoka kumzika mwanawe. Mtu aliyefiwa mimi simsemi kwa polisi. Mniwie radhi."

Haikusaidia kumbana. Nyawira alijua sura ya mtu anayeficha hatia, na hii haikuwa hiyo. Alimwachia chakula chake, akampigia simu Ngugi, aliyekuwa amepanga hoteli mjini, akamwomba aje na vifaa vyake.

Ngugi alifika amevaa sweta nzito, begi la ngozi begani. Alijitetea kabla hajaulizwa.

"Mimi nilisema hii haifanani na picha ya kamera. Sikusema ubao ni mwingine. Ilikuwa ndani ya fremu, na nisingeifungua bila ruhusa."

"Ruhusa unayo sasa. Hiyo picha ya kamera, ile ya wakati wa mama yake mzee, walipiga na upande wa nyuma?"

"Walipiga, na ninayo. Ilipigwa na watu wa makumbusho; ndiyo kawaida yao."

Alizing'oa pini moja moja, akainua kioo, akautoa ubao kwa mikono miwili, akaulaza kifudifudi juu ya kitambaa. Nyawira aliweka kando yake picha ya kamera ya upande huo wa nyuma. Ulikuwa ubao wa mwaloni, vipande viwili vilivyounganishwa. Alianzia juu. Kulikuwa na fundo la mti lenye umbo la sikio. Katika picha lilikuwapo, mahali palepale. Matundu ya wadudu karibu na ukingo yalipangika vilevile. Palikuwa na doa la nta nyekundu iliyobanduka, likabaki umbo kama la jani lililoliwa. Ufa mwembamba ulipinda kushoto ukaishia kwenye kiungo, na katika picha pia ulipinda kushoto ukaishia kwenye kiungo.

"Mtu anaweza kunakili rangi," Ngugi alisema taratibu. "Matundu ya wadudu hayanakiliki."

"Kwa hivyo ubao ni ule."

"Ni ule ule, madam. Haukuibwa."

Nyawira aliugeuza, akamwambia Mburu azime taa, akaishika tochi ubavuni mwa ubao ili mwanga uambae juu ya rangi. Uso wote wa picha uliwaka mistari myembamba ya uzee, kama udongo wa bwawa lililokauka. Ila kule mbele kulia palikuwa laini. Palikuwa na sehemu ya ukubwa wa kiganja isiyo na mstari hata mmoja, na ilimeremeta.

Mburu aliwasha taa, akaanza kukusanya karatasi zake bila sababu.

"Nimwachilie?" aliuliza.

"Bado. Nataka neno la aliyefanya hivi, ili Yasin asikamatwe tena kwa kosa lilelile. Ngoja simu yangu."

Barabara ya kutoka Nyeri kwenda Naro Moru ilikuwa imefunikwa na wingu. Mlima haukuonekana kabisa; ungeweza kudhani haupo. Ngugi alikaa kiti cha nyuma, ubao umelala magotini kwake. Njia nzima Nyawira alifikiria koti lile jeusi kwenye simu ya fundi, na ule mkono usiotaka kuachia.

Nyumba ilikuwa ya mbao, mabati yenye kutu, bomba la moshi likitoa moshi mwembamba. Femke ndiye aliyefungua mlango, msichana mrefu wa miaka ya ishirini na kitu, macho mekundu kwa mafua au kwa kulia. Ndani moto uliwaka. Anita, mjane, aliyejulikana na wote kama Mama Mugo, alikaa kwenye kigoda kando ya moto, kitambaa cheusi kichwani. Karibu naye kulikuwa na kiti kikubwa cha mikono kilichochakaa, na hakuna aliyekikalia. Kilitazama ukuta, na ukutani palibaki alama nyeupe ya mraba.

"Karibu, mwanangu. Kuna baridi," Mama Mugo alisema. "Mmeileta picha?"

"Tumeileta, Mama Mugo. Na nimekuja kwa sababu ya Yasin."

"Yasin gani?"

"Yasin wa fremu. Yuko selo tangu jana. Kesho anapelekwa kortini kwa wizi."

Mama Mugo alimgeukia Femke. Femke aliangalia sakafu, akasema kwa Kiingereza kwamba hawakutaka kumwongezea mzigo, ndiyo maana hawakumwambia.

"Mumwachilie," Mama Mugo alisema. Alisimama, akakaa tena. "Huyo fundi hajafanya kitu. Ni mimi."

Nyawira alivuta stuli, akakaa chini yake kidogo, ili asimwangalie kutoka juu. "Nieleze, mama. Ulifanya nini?"

"Nilifunga hiyo shimo."

Ukuni ulipasuka motoni. Ngugi aliuweka ubao mezani bila sauti.

"Kijana wangu Mugo alikuwa anapandisha wageni mlimani," Mama Mugo alianza. "Tangu akiwa mdogo, baba yake alikuwa akimbeba anamwonyesha hiyo picha. Anamwambia, kwetu maji yakiganda hata mwalimu anatoka darasani. Hata pasta. Kila mtu anateleza. Mzee alikuwa amekuja na viatu zake za kutelezea, za mbao, ziko na kisu chini. Mugo alikuwa anazivaa hapa kwa sakafu, ananiharibia mbao." Alitabasamu kidogo, tabasamu likafa. "Sasa, siku ya kuzaliwa ya mzee ilikuwa inakaribia. Mugo akazibeba akapanda nazo, hakutuambia. Kule juu kuna kaziwa kadogo, asubuhi kanaganda. Alitaka ateleze, arekodiwe, baba yake aone kwa simu. Alikuwa na mwenzake, Mutahi. Mutahi ndiye alishika hiyo simu, barafu ikipasuka."

Alisukuma ukuni motoni.

"Mzee aliiona hiyo video mara moja. Mimi sijaiona mpaka leo. Aliniambia Mugo alikuwa anacheka."

"Pole sana, mama."

"Tulipomzika, mzee akaanza kukaa kwa hiyo kiti. Asubuhi mpaka jioni. Nilidhani anaangalia kwao. Siku moja nikasimama nyuma yake, nikafuata macho yake. Alikuwa haangalii kanisa, haangalii wale watu wanacheza. Alikuwa anaangalia huyo mtu kwa shimo. Chakula nikimletea, inapoa hapo. Nikamwambia, baba Mugo, tuitoe. Akasema hapana, mama yake alimwachia. Halafu akaanguka, akalazwa hospitali."

Alikunja ncha ya leso yake, akaikunjua.

"Nilitoa picha ukutani nikitaka kuichoma. Kweli. Nilikuwa nimeshafungua jiko. Ikaniponyoka, kioo ikapasuka, na nikashindwa. Hao watu wengine hawakuwa na makosa. Mugo alikuwa anachora vibao vya njia za wageni, rangi zake zilikuwa bado kwa stoo. Nikatoa hiyo kioo, nikachanganya nyeupe na bluu na kijivu mpaka ikakubali. Nikapaka. Nilikuwa nafanya kama mtu anafunika mtoto na blanketi. Nikarudisha kioo vile ilikuwa, nikampelekea Yasin. Nafikiri alisikia harufu ya rangi. Hakuniuliza."

"Na mzee alipotoka hospitali?"

Mama Mugo alikitazama kile kiti kitupu.

"Nilijificha jikoni. Nilijua atanipigia kelele. Ni kitu ya ukoo, nimeiharibu. Akakaa. Nikasikia ananiita, Anita. Nikaenda. Alikuwa analia, lakini hakukasirika. Akaniambia, 'Barafu imeganda vizuri.' Ni hayo tu. Hakuongea juu yake tena mpaka akafa. Akaomba uji. Hiyo siku alikula."

Femke alikuwa amekaa sakafuni bila mtu kuona alivyoshuka. Hakuwa amefuata kila neno, lakini alifuata ya kutosha. Akamuuliza Mama Mugo mbona hakumwambia mapema.

"Ungesema ioshwe," Mama Mugo akamjibu. "Ungekuwa na haki. Na huyo mtu angerudi kwa shimo. Mimi ningekuwa nimemfungulia."

Hapa palihitaji kazi, na kazi ilikuwa ngumu kuliko kumwuliza mtu maswali. Maungamo ya mjane peke yake yasingemtosha wakili mkali. Angesema mama anamwonea fundi huruma. Alihitaji kuthibitisha kwamba chini ya ile rangi mpya ilikuwapo picha ya kale.

"Mama Mugo, Bwana Ngugi itabidi afungue sehemu ndogo. Kama ncha ya kidole tu. Ukitaka kutoka nje, tutakungoja."

"Nitakaa."

Ngugi alichovya pamba kwenye dawa, akaiviringisha juu ya rangi polepole, bila kukandamiza. Pamba ilibeba kijivu. Akachukua nyingine, ikabeba bluu. Ya tatu ikatoka na weusi mwembamba. Ngugi akainua mkono wake ili wote waone.

Katikati ya barafu vilichomoza vidole vitatu vidogo kuliko punje za mtama, vimetanuka.

Nyawira alipiga picha. Ngugi alisema kwa sauti ya chini kwamba rangi iliyo chini ni ya kale na ni nzima, na kwamba angeandika hivyo na kutia sahihi. Kisha, kwa sababu alikuwa mtu mkweli na Femke alikuwa akimwangalia, akaongeza kwamba sehemu yote ingeweza kusafishwa, na shimo na mtu wake wangerudi kama walivyochorwa.

Mama Mugo aliinama juu ya meza. "Femke," akasema, "huko kwenu, mtu akizama hivi, watu wanafanya nini?"

Femke alijibu kwa Kiingereza, polepole. Hulala kifudifudi juu ya barafu, alisema. Mmoja humshika mwenzake miguu, na huyo naye humshika mwingine, mnyororo mzima, mpaka wa mbele amfikie. Watoto hufundishwa wakiwa wadogo.

Mama Mugo aliitikia kwa kichwa, akapokea lile neno kama mtu aliyelingoja siku nyingi.

"Mutahi hakufundishwa," akasema. Hakukuwa na lawama katika sauti yake. "Alikimbia kutafuta kamba."

Femke alijifuta uso kwa mkono wa sweta. Akamuuliza Nyawira kama picha ni yake tayari.

"Kwa wosia, ndiyo."

Basi hana malalamiko, Femke alisema. Na isafishwe au isisafishwe, hilo litaamuliwa na watu wengine, siku nyingine. Maadamu Mama Mugo yu hai, picha itakaa ukutani pale pale, kama ilivyo.

Nyawira alitoka barazani kupiga simu. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye ua. Mburu alipokea mara moja.

"Mfungulie Yasin. Mpe vitu vyake vyote, hata ile karatasi. Na umwombe radhi wewe mwenyewe, mkewe akisikia."

"Ndiyo, madam." Karatasi zikasikika zikifunuliwa. "Naandika nini kwa faili? Imeibiwa na nani?"

"Andika hakuna kilichoibiwa."

Aliporudi ndani, Femke alikuwa ameshika kopo la rangi lililotoka stoo na brashi iliyokauka, akimpa Mama Mugo afunike vile vidole kama anataka. Mama Mugo alivisukuma kando.

"Acha hivyo. Nimechoka kumfunika."

Akanyoosha kidole chake cha shahada, chenye ngozi ngumu ya jembe, akakiweka juu ya vile vidole vitatu. Ngugi alitaka kusema dawa haijakauka. Femke akamtikisia kichwa. Mama Mugo akakaa vile, bila kukandamiza, bila kuachia, huku moto ukififia, na hakuna aliyeinuka kuongeza kuni.